Nina siku moja tu Mombasa na niko peke yangu, nianzie wapi?

binti_chumbageni

Habari zenu wadau. Naombeni msaada hasa nyie wa Mombasa na mliowahi kupita pale. Mimi niko Tanga, mwezi ujao nina harusi ya binamu yangu Nairobi na safari hii sitaki kupita Arusha kama siku zote, napanda basi la Mombasa kupitia Horohoro, nalala hapo siku mbili alafu nachukua treni ya SGR Jumamosi asubuhi. Maana yake nafika Alhamisi jioni na Ijumaa nzima ni yangu, toka naamka mpaka nalala. Mombasa sijawahi kukanyaga hata mara moja japo kutoka kwetu ni karibu kuliko Dar, na nitakuwa peke yangu, msichana, sina ndugu wa kunipokea.

Niwaambie kwa nini naitaka hiyo siku. Bibi yangu mzaa mama aliolewa Mombasa na kukaa huko ujanani kabla hajarudi Tanga, na mpaka anafariki alikuwa anaongelea meli za Kilindini na leso za Mombasa kila siku ya Mungu. Sisi Tanga tunasema khanga, yeye alikataa kabisa, ni leso mpaka mwisho. Kwahiyo kuna mambo mawili sitaki kuondoka bila kuyafanya, nione meli kubwa inaingia bandarini nikiwa karibu kabisa, na nimnunulie mama leso. Hayo mengine nyie nishaurini.

Maswali yangu ni haya, Fort Jesus inakula muda gani, ile feri ya Likoni ukivuka kwa miguu ni salama kwa mtu mgeni, Ijumaa kuna vitu vinafungwa au mji unaendelea kama kawaida, na nile nini maana safarini huwa naishia chipsi mayai za stendi na nimezichoka. Na mtu akianza kunifuatafuata barabarani anajidai mwenyeji nifanyeje? Asanteni sana.

mwana_kibokoni

Karibu sana mwanangu, Tanga na Mombasa ni mtu na nduguye. Mimi nimezaliwa Kibokoni na hapa ndipo ninapokaa, kwa hivyo nitakwambia vile ningemwambia binti yangu.

La kwanza usitoke kisiwani. Watu watakwambia enda Nyali, enda Bamburi, enda Diani, na siku yako itaishia ndani ya matatu kwenye foleni. Mombasa ni kisiwa na hicho unachokitaka chote chaendeka kwa miguu na tuktuk moja mbili.

La pili ni hiyo Ijumaa, umefanya vyema kuuliza. Mji wa Kale siku ya Ijumaa maduka mengi hushusha milango kwenye saa sita watu waende msikitini, na mpaka saa nane hivi ndio mji waamka tena. Kwa hivyo leso na viungo ni asubuhi. Usiseme nitarudi baadaye, nimewaona wageni wengi wakizunguka saa saba juani milango yote imefungwa na wao wataka kununua.

Sasa siku yenyewe. Amka mapema ule mahamri na mbaazi za nazi, hicho ndicho chakula cha asubuhi cha hapa kwetu, na mbaazi ziwe nzito zenye tui zito, si zile za maji maji. Saa mbili Fort yafunguliwa, uwe mlangoni kabla jua halijakaza. Ukitoka hapo ingia Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita) uitembee polepole bahari ikiwa mkono wako wa kulia, hata ukipotea hutapotea sana. Angalia juu, watu wengi hutazama maduka ya vinyago wakasahau roshani za mbao na milango ya nakshi. Utauona mnara wa msikiti wa Mandhry, mpana chini mwembamba juu, msikiti ambao umekuweko tangu 1570. Ukiendelea utafika kwenye Leven House na ngazi zishukazo majini, jina lenyewe ni la meli ya Waingereza iliyokuja hapa 1824, hapo ndio Bandari ya Kale, bandari ya majahazi. Siku hizi majahazi ni machache lakini maji ni yale yale aliyoyaona bibi yako.

Ukimkuta mtu wa kahawa tungu na dele lake la shaba na makaa chini, simama unywe. Kikombe ni kidogo, chukua na kashata. Halafu kata uje Marikiti ununue iliki na mdalasini, soko hilo lilifunguliwa 1914 na kwenye karatasi liliitwa jina la Mackinnon lakini mwambie tuktuk Marikiti, hilo jengine hakuna alitumiaye. Kutoka hapo Biashara Street ni karibu, na huo ndio mtaa wa leso. Usichukue ya kwanza utakayoonyeshwa. Mwambie aikunjue, soma jina lake, leso ni jina. Ukishanunua kuna mafundi hapo hapo nje na vyerehani wakukatie na kukupindia ukisubiri.

Mchana pumzika, jua la saa saba la hapa usishindane nalo. Alasiri ndio wenda Mama Ngina kwenye mibuyu, na hapo ndipo penye meli zako. Njia ya kuingia Kilindini yapita pale chini ya miguu yako. Kilindini ni kilindi, maji ya kina kirefu, ndio sababu bandari kubwa ikajengwa upande ule na sio huku kwetu kwenye majahazi. Meli ikipita wawaona mpaka mabaharia.

tuktuk_ya_makadara

Mzee amesema yote mimi naongeza tu ya barabara kwa sababu ndio kazi yangu. Dada nyinyi mnasema bajaji huku ni tuktuk, na kabla hujaketi mkubaliane bei, usipande halafu uulize ukifika. Ukiona anataja bei kubwa mwache huyo, nyuma yake kuna wengine kumi. Ukiwa na begi kubwa usipande boda.

Feri. Wa miguu hulipi kitu, ni bure, wanaolipa ni magari. Utasubiri kwenye lile banda na watu wengi sana, asubuhi watu wanatoka Likoni kuja kazini na jioni wanarudi, kwa hivyo wewe enda katikati ya mchana kama saa nane saa tisa ukakuta pumzi. Mlango ukifunguliwa watu hutoka kama maji, wewe kaa pembeni waache wanaokimbia wakimbie, na ukiona imejaa sana ngoja ingine, hazikawii. Sisi wa hapa hatujasahau Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa siku moja na feri ilikuwa imepakia kupita kiasi. Ndio maana nakwambia usikimbilie feri iliyojaa hata kama una haraka. Simu weka ndani ya mkoba wenye zipu, na usipige picha pale, askari wanakataza.

Halafu jua kwamba basi lako kutoka Lunga Lunga (huo ndio mpaka upande wa Kenya) linaweza lisipite feri kabisa, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu na baadhi ya mabasi yanapita huko. Kwa hivyo usihesabu kwamba feri umeiona Alhamisi.

Na SGR sio mjini! Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Treni ya saa mbili asubuhi uwe umetoka hotelini saa kumi na mbili au kabla, kwa sababu kuna foleni ya lori pale barabarani na ukifika kuna ukaguzi wa mizigo, mabegi yanapangwa chini mbwa anayanusa halafu unapita mashine. Kata tiketi siku kadhaa kabla, na paspoti uwe nayo mkononi.

safari_za_nuru

Mimi ni wa Dodoma na nimeshazunguka Mombasa peke yangu mara mbili kwahiyo naongea kama mwanamke mwenzako. Pale nje ya Fort Jesus utakuta vijana wanakwambia wao ni waongozaji, wengine kweli wana vitambulisho na wanajua mambo, wengine wanakutembeza tu alafu mwisho wanataja hela ya kutisha. Nilichofanya mimi mara ya pili, nilimwambia wa kwanza aliyekuja kwa Kiswahili kabisa "kaka ahsante, naenda kwa mama mdogo hapo mbele", akaniitikia vizuri na akaniacha. Kiswahili chetu ni ulinzi pale, ukishaongea wanajua wewe si mtalii wa kukamuliwa. Salimia kwanza. Shikamoo kwa wazee, wanaifurahia, na Ijumaa pale Mji wa Kale vaa nguo ya heshima yenye kufunika, ubebe na mtandio, hata mwili wenyewe utakushukuru kwa jua lile.

Usiku usitembee kwa miguu peke yako kwenye vichochoro, chukua tuktuk mpaka mlangoni. Chukua laini ya Kenya ukishavuka mpaka (wanataka paspoti kuisajili) uweke M-Pesa, kwa sababu hata kiingilio cha Fort ni cha serikali na malipo ya serikali ya Kenya siku hizi yanapitia eCitizen kwa simu, mimi mara ya pili nilikuja na noti mkononi nikahangaika mpaka mtu mmoja akanilipia nikampa keshi.

Ila na mzee wa Kibokoni kuna sehemu sikubaliani. Siku nzima kwenye kuta na vichochoro? Mimi ningekwambia ukimbie Haller Park kule Bamburi angalau masaa mawili. Ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simenti, mawe matupu hata nyasi haikuoti, na kuanzia 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje mpaka leo ni msitu una viboko na kobe wakubwa na twiga unawalisha mkononi kwako. Mimi nililia pale sio siri, ulimi wa twiga unazunguka kidole chako na unafikiri hapa palikuwa jangwa.

mwana_kibokoni

Dada Nuru sikatai, Haller Park ni pazuri na kazi ile ni ya kupigiwa mfano. Lakini soma tena alivyoandika. Huyu hakuja kutafuta twiga, kwao Tanzania twiga si wamejaa? Amekuja kutafuta alichokiona bibi yake. Masaa mawili ya Bamburi ni manne ukihesabu daraja la Nyali kwenda na kurudi, na Ijumaa imeshakatwa katikati na swala. Ukizigawa saa za siku moja hivyo, huoni hiki wala kile.

tuktuk_ya_makadara

Kweli daraja la Nyali jioni ni taabu. Lakini akipata siku ingine akivuka huko apite Kengeleni aione ile kengele ya Frere Town, watu wanashuka hapo kila siku Kengeleni Kengeleni na hawajui ni kengele ya kweli. Ilikuwa inapigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba wanyakuzi wanakuja.

msomi_wa_ngome

Nimefanya utafiti wangu wa chuo kuhusu Fort Jesus kwa hiyo naomba nijibu swali la muda. Watu wengi wanatumia dakika arobaini, wanapiga picha na mizinga wanatoka. Wewe jipe masaa mawili na uingie ukijua kidogo, utaona tofauti.

Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, mchoraji ramani alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa mikono na miguu. Imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, ukipitisha mkono ukutani utagusa chembe za baharini. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, fikiria hiyo, karibu miaka mitatu watu wako ndani, na waliowamaliza wengi ni maradhi na njaa kuliko risasi. Meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome 1697, na wapiga mbizi wakaichimbua chini ya bahari kuanzia 1977. Vyombo vilivyotoka humo viko kwenye jumba la makumbusho ndani, usipite mbio pale. Kisha Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Ngome moja, imekuwa kambi, imekuwa nyumba ya magavana, imekuwa jela, na imeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2011.

Vitu viwili usikose. Kimoja ni michoro ya mabaharia wa Kireno, waliichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Cha pili ni ile njia iliyochongwa ndani ya matumbawe yenye matao inayoteremka upande wa bahari, walikuwa wanaingizia watu na vitu kutoka kwenye mashua. Shuka taratibu, pana utelezi.

wa_maskati

Salamu kutoka Muscat. Mimi babu zangu wa upande wa mama ni wa Mombasa na nimekuja huku mdogo, Kiswahili ndio lugha ya jikoni kwetu mpaka leo. Dada ukiingia Fort iko nyumba inaitwa Nyumba ya Waomani, iko juu ya pembe mojawapo ya ngome. Ukifika simama dirishani dakika moja tu upigwe na upepo. Mimi nilisimama hapo 2016 na mama yangu, alikuwa hajarudi miaka thelathini, hakusema neno, alishika dirisha tu. Na ukinywa kahawa hapo Mji wa Kale nikumbuke.

binti_chumbageni

Wadau nimerudi!! Naandika nikiwa kwenye treni sasa hivi, mtandao unakuja unapotea kwahiyo nikikatika mnivumilie. Niliwaahidi wengine huko inbox kwamba nitasimulia, na nyote mliochangia nawashukuru kutoka moyoni, siku ilikuwa ndefu na nzuri mpaka nimelala na viatu.

Basi lilichelewa sana mpakani, tukaingia saa tatu usiku, na kweli likapita Dongo Kundu kama alivyosema kaka wa tuktuk, feri sikuiona. Nililala nimekasirika kidogo. Lakini Ijumaa saa kumi na mbili na nusu nikawa barabarani na ndani ya dakika kumi niko mbele ya sahani ya mahamri, ya moto, ukiyapasua inatoka harufu ya iliki, na mbaazi nzito hasa mzee nilikumbuka maneno yako nikakagua tui kabla sijakaa. Nilikula manne.

Fort nilikuwa wa pili kuingia. Msomi wa ngome, ile michoro! Mimi nilienda kwa ajili ya meli basi nikakuta meli ukutani. Mtu ameichora kwa mkaa miaka mia tatu na zaidi iliyopita na amekumbuka mpaka kamba za matanga, kamba moja moja, unajua kabisa huyu mtu alikuwa anazivuta hizo kamba kwa mikono yake. Kuna watu, kuna samaki. Nikawa nafikiria amekaa humo ndani anachora chombo cha kumrudisha kwao. Nilikaa pale mpaka kundi la wanafunzi likaja likanisukuma. Nyumba ya Waomani nilisimama dirishani kaka wa Maskati, dakika moja ikawa kumi, upepo upo kama ulivyouacha. Na kahawa nilikunywa vikombe viwili, kimoja chako.

Sasa leso. Hapa ndio nataka kuwaambia vizuri. Nilifika Biashara Street kama saa nne na nusu, muuzaji mmoja mzee akaanza kunikunjulia, moja baada ya nyingine, anazitupa mezani zinafunguka zenyewe kama anatandika kitanda, na kila moja anaisoma jina kwa sauti. Nikachagua ya mama, imeandikwa Nani kama mama, ya kijani na njano, sawa. Alafu nikaona kwenye rafu ya chini kitambaa chekundu na cheusi na cheupe nikashtuka. Nikamwambia baba hiyo ni nini, akasema hiyo kisutu, ya maharusi, hiyo haina jina haihitaji jina. Wadau, mama yangu ana kipande cha hicho kitambaa. Kimechakaa kimepauka mpaka nyekundu imekuwa kama maji ya tofali, kiko chini ya sanduku lake, na sisi watoto tulikuwa tunakatazwa kukigusa. Ilikuwa ya bibi. Sikuwahi kujua kina jina wala kwamba bado kinachapishwa.

Nikampigia mama video hapo hapo dukani nikageuza kamera. Akakaa kimya kidogo alafu akasema sogeza karibu. Nikasogeza. Akasema pembeni, nionyeshe pindo. Nikamwonyesha pindo. Akasema ndio yenyewe, chukua, wakate wapinde zote mbili, usije nayo haijapindwa. Yule mzee alikuwa anasikia, akaipima upya mwenyewe na akanipunguzia bila mimi kuomba. Fundi wa nje akakata katikati akapinda pande zote, mguu wake unakanyaga cherehani huku anaongea na mwenzake wala haangalii, na mshono umenyooka kama mstari wa rula. Adhana ya kwanza imeanza anamalizia pindo la mwisho.

Na kweli saa sita mji ukafunga kama mlivyosema. Mlango huu unashuka, ule unashuka, vichochoro vikajaa kanzu nyeupe zote zinaelekea upande mmoja, alafu kimya. Nilikaa kwenye baraza ya kivulini karibu na mama mmoja anauza achari na tukaongea, akaniuliza Tanga mtaa gani, shangazi yake ameolewa Ngamiani. Baadaye nikala biriani mpaka nikapata usingizi.

Feri nilivuka saa nane na nusu, nikaenda Likoni, nikashuka, nikanywa dafu, nikarudi. Sikukimbia, kaka wa tuktuk, feri ya kwanza niliiacha. Watu, baiskeli, mikokoteni ya maboga, mwanamke ana kuku wawili kwenye kikapu, wote tumesimama tunatazama mbele, na maji yale ni ya kijani kizito kweli unaona kwamba yana kina.

Mama Ngina nilifika kama saa kumi na nusu. Nikanunua muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, nikakaa kwenye ukuta chini ya mbuyu. Saa nzima hakuna kitu, mashua za wavuvi tu na upepo. Nikaanza kukata tamaa, nikamuuliza mama muuza muhogo leo meli hakuna? Akasema tulia mwanangu, haiwezi kukupita hapa usiione. Na ikaja. Kwanza niliona kama jengo linatembea nyuma ya miti, alafu ikatokea yote, meli ya makontena, na ilivyofika mbele yetu ikaziba Likoni nzima, ng'ambo yote ikapotea, unaona ukuta wa chuma unapita polepole na mlio wa chini chini unausikia kifuani. Kulikuwa na mtu mmoja juu kabisa pembeni mwa reli, nguo ya rangi ya chungwa, nikampungia. Akapunga! Yule mama hata hakuacha kukata muhogo, akasema tu hiyo nyepesi imekuja kupakia, angalia rangi nyekundu ilivyotoka juu ya maji, ikiwa na mzigo ile nyekundu huioni.

Nikakumbuka. Bibi alikuwa akimwona mtu anarudi safari mikono mitupu anasema "huyo amekuja na wekundu wake nje" na sisi tulikuwa tunacheka hatujui maana yake. Watu wangu, ni hiyo. Nimeelewa nikiwa na miaka ishirini na tisa nimekaa ukutani Mombasa na muhogo mkononi.

Nilikaa mpaka magharibi. Zikaingia mbili na ikatoka moja.

Haller Park sikwenda dada Nuru, nisamehe, nitaenda ukinisindikiza. Treni niliiwahi vizuri, mbwa kanusa begi langu kagundua viungo akapiga chafya watu wote wakacheka. Sasa tumepita Voi, nje ni Tsavo, udongo mwekundu na nimeona tembo wale wenye rangi ya udongo, watoto kwenye behewa wanapiga kelele.

Swali moja la mwisho mzee wa Kibokoni. Mama kanipigia leo asubuhi kanambia amekumbuka kitu ambacho hakuwahi kunambia, kwamba nyumba aliyoolewa bibi ilikuwa Kuze. Hiyo Kuze iko wapi? Niliipita bila kujua?

mwana_kibokoni

Mwanangu, Kuze ni hapa hapa Mji wa Kale, si mbali hata kidogo na hapo uliponunua leso, mimi kutoka mlangoni kwangu natembea kwa miguu. Huenda umepita. Hilo neno la wekundu nje nimelisoma mara mbili, mamangu pia alilisema, na sijalisikia kwa mtu miaka mingi.

Hapa usiandike jina la ukoo wa babu yako, niandikie kule kwenye ujumbe wa faragha. Kuze wako wazee bado wanaokumbuka nyumba kwa nyumba nani alioa nani. Baada ya swala ya Isha nitapita niwaulize. Ukirudi kutoka harusini upite hapa kabla ya Tanga, na hiyo kisutu uje nayo.